Fundi Spana na Mtaro Uendao Baharini

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa tatu kati ya sita. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1967. Hesabu alizipenda, kukaa kimya kulimshinda, na kulimshinda mpaka mwisho.

Mwaka 1980 alifungua gereji yake barabara ya viwandani, akafanya kazi hapo miaka thelathini na tisa. Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye alikuwa amempelekea gari la mjomba wake atengeneze breki. Baba alilikalia gari hilo wiki tatu. Mama anasema breki zilipona siku ya pili.

Alistaafu mwaka 2019, sukari ilipomdhoofisha miguu, akabaki nyumbani kutuvuruga sote. Ndipo dada yetu mdogo akamwunganisha na mikutano ya mtandaoni kuhusu viumbe wa pwani, kila Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza alinyoa ndevu, akavaa koti la harusi, kisha akaelekeza kamera kwenye dari. Watu mia na kumi na wawili walitazama dari yetu saa nzima, huku wakimsikia akiita jikoni: "Mama Watoto, njoo uone! Kasa analia!" Mwalimu, mama mmoja mpole, akaeleza kwamba kasa hutoa chumvi mwilini kwa machozi. "Laiti ningetoa sukari hivyo," baba akasema.

Februari 2022 mwalimu alionyesha picha ya mikoko iliyokauka, mizizi yake inayovuta hewa imezibwa na oili nyeusi. Baba akauliza oili hiyo inatoka wapi.

"Kwenye mtaro wa nyuma ya gereji za barabara ya viwandani, mzee wangu."

Baba akasema mbele ya wote, "Mwalimu, mtaro huo nimeumwagia oili chafu miaka yote. Nilidhani unaishia kwenye majani." Siku hiyo hakula, na ilituuma sana kumwona vile.

Jumatatu iliyofuata alikwenda gerejini na mkongojo wake. Mafundi wakamcheka: "Mzee, siku hizi unawaonea huruma kaa?"

"Kumwaga niliwafundisha mimi," akawajibu. "Niacheni niwafundishe kuacha."

Akaweka pipa, na kila Jumatatu alisimamia lipakiwe kupelekwa kiwanda cha kusafisha oili. Gereji tano zilikubali. Nyingine sita zilimwaga mtaroni akigeuka tu.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2024. Alilazwa tarehe 2 Septemba, akifuatilia Jumamosi zake kwa simu, na muuguzi wa zamu akawa anavuta kiti kutazama naye. Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Septemba, saa tatu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alituuliza, "Jumatatu nani atakwenda?"

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja.

Maneno haya ya mwisho hayamo katika kijitabu mlichonacho. Nimeyaandika sasa hivi, nimesimama. Leo ni Jumatatu. Mafundi wamechelewa kufika makaburini, wamekuja na ovaroli za kazi, na mimi binti yake nilikwisha kununa. Kumbe walikuwa wakipakia oili, gereji zote kumi na moja.

Baba, wamekwenda. Sasa pumzika.