Onyo la Karisa

Mambo mawili hayabishaniwi na yeyote kijiweni petu, nje ya duka la vitambaa la Rasik hapa Malindi, mwaka huu wa themanini na sita: kwamba mtalii alizama kwenye mlango wa hori ya Mida, pale bahari inapoingia nchi kavu, na kwamba kabla hajajitosa, Karisa, mtembeza wageni wa Dabaso, alimwonya kwa Kiingereza. Mtalii aliitikia kwa kichwa, akacheka, akaruka. Kesho Karisa anasimama mbele ya hakimu anayechunguza kifo hicho.

— Hebu rudia ulivyomwambia, alisema Maina, mwalimu mstaafu kutoka bara, tuliyempa jina la Kamusi.

Karisa akarudia kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Kamusi akafumba macho kama aliyekanyagwa.

— Hiyo si sentensi, kijana. Hakimu atasema hukusema kitu.

— Lakini mwalimu, wageni wote nawaambia hivyo hivyo, na wanarudi wazima!

— Mimi nauza kwa Kiingereza hicho hicho, alisema Rasik. Mteja akielewa, kimetosha.

— Kitambaa hakizamishi mtu, bwana.

Karisa akamsogelea Kamusi.

— Basi nijifunze sentensi iliyo sahihi, niiseme kesho?

— Thubutu! Utakuwa umeidanganya mahakama chini ya kiapo.

— Na akisema ile mbovu? aliuliza Rasik.

— Amejifunga.

— Ala! Basi wafunge mji mzima. Waanze na wapishi wa hoteli, wamalizie na mimi.

— Unacheka? Wataanza hivyo hivyo. Atakayekosea Kiingereza cha kumkaribisha mgeni atashtakiwa kwa kumfukuza!

Gari la polisi likapita polepole. Tulilifuata kwa macho mpaka likapinda kona. Nilitaka kumwambia Karisa kwamba sijasoma sheria yoyote inayopima sarufi ya onyo. Lakini hakimu huyo simjui.

Jedida, aliyetoka Matsangoni kununua kitambaa cha sare za kwaya, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

— Samahanini, wazee. Huyo marehemu, Kiingereza alikijua?

Rasik akamtazama Karisa.

— Sijui, mama, alisema Karisa. Kila nilichomwambia, alicheka tu.

Kuitikia kwa kichwa kumethibitika. Kuelewa hakujathibitika, wala kutoelewa. Ungekuwa wewe kwenye kiti cha hakimu kesho asubuhi, ungesema mtu huyu alionywa, au hakuonywa?