Fundi Kivuli na Kitufe cha Chini

Kila siku saa nne asubuhi, marehemu baba yetu alikuwa akienda uani, akibonyeza kitufe cha chini kwenye gari lake la kupigia kambi, na kuliangalia turubai la kivuli likijikunjua kwa mota hadi mwisho. Kitufe hicho kimeandikwa "Funga". Cha juu, kilichoandikwa "Fungua", ndicho kinacholikunja.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1953, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1967, akasomea ufundi umeme kwa miaka miwili. Cheti chake kinaonyesha alifaulu masomo yote isipokuwa uchoraji.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye gereji ya magari ya safari. Maturubai ya mota yalipoanza kuletwa, yeye ndiye aliyeyatengeneza, na wenzake wakambandika jina la Fundi Kivuli. Hakuruhusu mtu kufungua mota kabla ya kuufunga mkono wa turubai kwa kamba, maana springi iliyo ndani huweza kuufyatua. "Springi haina shemeji," aliwaambia.

Alimwoa mama yetu tarehe 6 Septemba 1980. Mwaka 1996 alinunua gari bovu la kupigia kambi, akalifufua. Siku ya kulifungia gari hilo turubai la mota, mama alikuwa ameshatoa viti nje na wakwe wako njiani. Kwa haraka hiyo baba akapishanisha nyaya mbili. Aliahidi kurekebisha kesho yake. Wenzake walimtania miaka yote kwamba mganga hajigangi. Alikubaliana nao, akaendelea kunywa chai.

Macho ya mama, ambaye naye alizoea kulikunjua turubai hilo baba akiwa kazini, yalianza kufifia mwaka 2021. Machi 2024 baba aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, na Mei mota ya turubai ikaungua. Shemeji yake alishauri mama anunuliwe mwavuli, yaishe. Baba alikataa, alisema hataki kumwacha mke wake juani. Tarehe 14 Juni, akiwa hawezi tena kusimama, aliketi kitini na kumwelekeza kitinda mimba wake, anayesoma wasifu huu, ambaye hadi siku hiyo alizoea vitabu kuliko spana. Mkono ulifungwa kamba, mota mpya ikaingia. Karatasi ya maelekezo ilisema waya mwekundu uunganishwe na mwekundu. Baba alisema uunganishwe na mweusi.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Julai 2024, saa tano asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja. Apumzike sasa, kazi aliimaliza.

Siku ile ya nyaya, kitinda mimba alimuuliza swali moja tu: maadamu mota ni mpya, kwa nini wasilisahihishe kosa la zamani?

"Mama yako haoni tena hayo maandishi," alijibu. "Vidole vyake vinakijua cha chini."