Ushuhuda wa Msuka Viti

Ndani ya treni, shemasi mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa akimsomea fundi wa kusuka viti, mzee kipofu, ushuhuda aliomwandikia ili baraza la mji limpe kibanda sokoni.

“Binti yangu,” mzee akamkatiza, “umenililia kana kwamba nimekwisha kuzikwa. Mbona hukuandika jinsi nilivyomshinda mke wangu kusuka, akaninunia wiki nzima?”

“Babu, wakicheka hawatakuhurumia. Mungu ametuagiza tuwatetee wanyonge.”

“Nitetee, mama, lakini nikiwa hai! Huruma itanipatia kibanda, lakini nani atakuja kununua kiti cha marehemu?”

Treni iliposimama, shemasi akaikunja karatasi ili washuke. Mzee akamshika mkono.

“Futa nusu ya machozi uliyoandika humo, mwanangu,” akasema. “Hiyo nusu nyingine tutaibishania njiani.”