Nelius Njura na Picha za Vichwa Vidogo

Bi. Nelius Njura anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Embu kwa miaka thelathini na minne.

Alianzia chumba cha eksirei, akasomea ultrasaundi, na mwishowe wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, ikamchukua kabisa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ubongo kupitia utosi, pale ambapo mfupa wa kichanga haujafunga, aone kama damu imevuja ndani. Jeli ya kupaka kichwani kabla ya picha aliipasha moto kwapani ili mtoto asishtuke. Daktari mwenye mikono baridi alitumwa kwanza akaote moto jikoni. Tulimwita Mama Utosi, naye akaitika.

Mwaka wa 2006 alimpiga picha Munyi, aliyezaliwa mimba haijafika hata miezi saba. Haikuonyesha doa lolote. "Picha ni safi, mama," akamwambia Ednah, mamake mtoto, na Ednah akarudi Kianjokoma akimshukuru Mungu. Hakuna aliyemwambia arudi kliniki. Alipomleta tena, Munyi alikuwa na miaka mitatu, miguu imekakamaa, hajaweza kutembea.

"Si mliniambia ako sawa?" Ednah aliuliza.

Nelius hakujitetea. "Nilikuambia ya siku ile, mama. Ya mbele picha haikuyaona. Nilipaswa kukuambia urudi."

Mazoezi yalimsaidia Munyi, lakini yalikuja yamechelewa. Leo anatengeneza simu sokoni Kianjokoma, na hutembea kwa magongo. Nelius hajawahi kujisamehe. Tangu hapo hakuna njiti aliyetoka wodini bila tarehe ya kurudi, picha iwe nzuri au mbaya. Alianzisha kliniki ya Alhamisi, kuangalia watoto wanavyokaa, wanavyotambaa, wanavyoanza kusema. Waliokosa nauli kutoka Kiambere aliwafuata kwao. Wengi walisaidiwa mapema. Wengine, ambao picha zao zilitutisha, walikua wakaenda shule kama wenzao.

Inasikitisha kuandika kwamba Alhamisi ijayo kliniki haitafunguliwa. Kila mwaka aliomba apewe mtu wa kumrithi, ili amfundishe kazi, na kila mwaka akajibiwa, "Tungoje bajeti ijayo."

Nelius, asante sana. Shamba lako la majani chai likupokee vizuri, magoti yapumzike, na Mungu akuongezee miaka ya furaha. Kina mama watakapokuja kukuulizia, tutawaambia kwamba uliomba, na hatukukusikia.