Saini ya Nyuma ya Pazia

Sarah alikuwa ameketi kwenye feri ya Likoni, rozari mkononi, lakini masikio yake yalikuwa kwa wawili waliokaa mbele yake. Alimwomba Mungu amsamehe, kisha akaendelea kusikiliza.

"Nilikuwa edani, baba, nimefiwa na mume," alisema mwanamke mwenye buibui. "Askari walipokuja kupekua nyumba, nikakaa nyuma ya pazia wasinione. Wakasema wameikuta simu ya wizi chini ya godoro la mwanangu, Abdulghani. Wakanipitishia karatasi nitie saini."

"Imeandikwa nini?" aliuliza mzee, ambaye alikutana naye pale pale kwenye benchi.

"Kwamba niliuona upekuzi kwa macho yangu. Sikuisoma. Nilitaka watoke tu."

"Basi leo kortini sema hukuona. Saini si kiapo, mama. Leo utashika msahafu."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Kuona, wallahi sikuona. Lakini siku mbili kabla, nilisikia simu ikilia chumbani kwake, kwa mlio nisioujua."

Mzee alikuwa mwepesi wa ushauri tangu Likoni. Sasa aliivua kofia yake na kuitazama ndani.

"Hilo umemwambia nani?"

"Wewe, baba. Kwa kuwa hunijui."

"Na wakikuuliza?"

Feri ikagusa gati upande wa kisiwani, watu wakasimama. Mwanamke alijifunga mtandio wake vizuri. Nyuma yao Sarah, ambaye sasa naye aliijua siri hiyo, aliinama chini ya benchi akitafuta kiatu ambacho hakikupotea.