Shavu la Daktari Ganzi

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuchoma watu sindano za uso na bado kualikwa kwenye harusi zao, Daktari Ganzi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi analijua mhasibu peke yake.

Alianzia chumba cha meno, akahamia kliniki ya maumivu, kile chumba cha mwisho chenye feni inayolalamika kuliko wagonjwa. Huko walimjia wenye maumivu ya neva za uso, watu ambao upepo tu ukiwagusa shavu wanaruka kama waliopigwa shoti. Sindano yake iliwatuliza, lakini kwa saa chache tu. Jambo hilo lilimkera kuliko mshahara.

Aliyemkosesha raha hasa ni fundi cherehani mmoja, mama wa mtoto mchanga. Alikuwa akichomwa asubuhi, lakini akifika nyumbani ganzi imeshaisha. Mtoto akinyoosha mkono amguse uso, mama anarudi nyuma. Ikafika siku mtoto akaacha kunyoosha mkono.

Daktari akaapa kuirefusha ganzi. Kila mchanganyiko aliujaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, kinyume cha kanuni zote na kelele zetu wauguzi. Ndipo akaingia kikao cha wakuu mdomo umelala upande mmoja, chai ikimchuruzika kwenye tai. Mkurugenzi akadhani ni kiharusi. Kadiri Daktari alivyojieleza kwa ulimi mzito, ndivyo walivyozidi kumfunga kwenye machela. Alifikishwa chumba cha dharura akiwa anaangalia saa, apime ganzi imedumu kiasi gani.

Mwishowe aliachana na michanganyiko. Aliweka mrija mwembamba kando ya neva ya uso wa yule mama, akauunganisha na pampu ndogo ya kuvaa kiunoni, dawa ikaingia tone kwa tone. Wiki iliyofuata mama alirudi na mtoto amemlalia shavu lilelile. Upande ule hakuhisi chochote, na machozi yalimtoka hivyo hivyo. Daktari aligeukia ukutani, akadai ganzi imempanda machoni. Hakuna aliyemwamini.

Asante, Daktari, kwa ukaidi wako. Kapumzike, unywe chai yote iishie mdomoni, na afya ikufuate kila uendako. Zawadi yako utakabidhiwa na yule mtoto, ambaye sasa yuko kidato cha pili. Ameomba akubusu shavuni. Tafadhali, siku hiyo usijichome.