Amur bin Sleyum na Mbio za Mwisho za Thornbeck

Bismillahi. Marehemu Amur bin Sleyum alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1941. Alisoma Wete na Unguja, na mwaka 1960 akapelekwa Uingereza kusomea upimaji ardhi. Nyumbani walimlea vizuri, labda vizuri mno: ukimtokea na mzigo, hata mfuko wa mkate, keshakupokea kabla hujamaliza salamu.

Mji aliosomea ulikuwa na uwanja mdogo wa mbio za farasi, Thornbeck. Jumamosi alifanya kibarua cha kusoma mizani. Mpandaji hupimwa na matandiko yake kabla ya mbio na baada ya mbio; akirudi mwepesi, ushindi hana. Tarehe 5 Oktoba 1963 zilikimbiwa mbio za mwisho, maana uwanja ulikwishauzwa. Mshindi, kijana aitwaye Peter Garnett, aliingia akihema, mikono imejaa. Amur akampokea kitambaa cha tandiko, akakiweka nyuma ya benchi, akasoma mizani. Garnett akaonekana mwepesi, akanyang'anywa ushindi, watu wakamzomea, mwizi. Walipokwisha kuondoka Amur akafagia, akakiokota kile kitambaa, kikamlemea mkononi. Kilishonewa vipande vya madini ya risasi, na ndio uzito uliopungua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, aliogopa kurudishwa kwao, akanyamaza.

Alihamia Maskati mwaka 1972, akawa mpima ardhi serikalini hadi 2001. Mwaka 1974 alimuoa Bi Mahbuba bint Msellem, wakajenga hukohuko, mtaa wa Ghubra. Alipostaafu alianza kuandika historia ya Thornbeck kwa Kiswahili: ulivyoanza 1874 kwenye malisho ya kondoo, jukwaa la mbao lilivyoungua, na ramani aliyoichora kwa kichwa, mpaka madaftari yakafika saba. Mwaka 2004 alikwenda na mkewe kuutafuta uwanja, wakakuta nyumba na duka kubwa. Akamsimamisha mbele ya samaki wa barafu, akamwambia hapa ndipo farasi walipomalizia.

"Mie naona samaki tu, Bwana Amur," alijibu Bi Mahbuba, na mpaka leo akikisimulia kisa hiki hucheka.

Lakini sura ya mwisho haikuandikika. Kila alipotoka mazikoni, pale jamaa wanaposimama kumwombea radhi maiti wao, alirudi nyumbani hana hamu ya kula.

"Mwanangu, nnaogopa kwenda na haki ya mtu shingoni," alimwambia bintiye, Ghaliya.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Hapo akamweleza Ghaliya yote, akamtaka awaandikie watu wa mji ule wamtafute Garnett, apate kumwomba radhi. Jibu lilifika tarehe 11 Februari mwaka huu, kwenye simu ya Ghaliya, akiwa kazini. Lilitoka kwa mtoto wa Garnett. Baba yake alifariki 2009, na mpaka mwisho alikuwa akiapa kuwa hakuiba. Mtoto hakutukana wala hakusamehe. Aliandika namba yake, akasema mzee apige. Ghaliya aliingiwa na hofu. Daktari alikwishaonya mzee asishtuliwe, naye akaona bora angoje kidogo, baba apate nguvu.

"Hawajajibu tu?" mzee aliuliza kila asubuhi kabla ya chai.

"Bado, Baba."

Tarehe 3 Mei, hospitalini, aliuliza tena, huku amemshika mkono kwa nguvu ambazo mgonjwa hakutarajiwa kuwa nazo. Ghaliya akashindwa.

"Wamejibu, Baba. Amekusamehe."

Mzee akasema alhamdulillahi, akalala, na alasiri akafariki. Alizikwa jana.

Ameacha mjane, Bi Mahbuba. Watoto wawili, Khalil, anayewasomea haya, na Ghaliya, aliyeyaandika. Na wajukuu watano. Familia inamwombea radhi kwa kila aliyemkosea.

Jana hiyohiyo, baada ya maziko, Ghaliya aliipiga ile namba. Alieleza habari ya kitambaa, ya benchi na ya woga wa babake, mfululizo, mpaka pumzi zikamwisha kabla hajafika kwenye habari ya kifo. Bwana yule akasema kwa upole kuwa amesikia, na hana kinyongo.

"Mpe simu mzee," akasema, "nimwambie mwenyewe."

Mwenyezi Mungu amfikishie, na amrehemu.